Mama wa Alhamisi

Chiba, 23 Aprili 1989

Kwa dada yangu mpendwa Fusako,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko kwenye baridi. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mwambie zile figili za moshi alizonifungia zimekwisha. Nusu nimekula mimi, nusu wamekula wenzangu ofisini, ambao walianza kwa kukunja pua wakamaliza kwa kulamba vidole. Huku maua ya mcheri yamekwisha pukutika, na ninyi nadhani bado mnasukuma theluji uani.

Dada, nimekuwa mwalimu! Nina darasa la tatu, watoto thelathini na wanane, na kila mtu akiita "Mwalimu Hatakeyama" nageuka kutazama kama umesimama nyuma yangu wewe. Lakini ngoja usikie. Sisi tulioajiriwa mwaka huu ndio wa kwanza kuingia kwenye sheria mpya ya mafunzo ya mwaka wa kwanza. Nimepewa mwalimu mlezi, Mwalimu Togashi, mtu wa makamo, mpole. Siku mbili kwa wiki anasimama nyuma ya darasa langu akiandika kwenye kidaftari. Alhamisi siendi shuleni kabisa, naenda kituo cha mafunzo, tunafundishwa kila kitu, hata namna ya kumpigia simu mzazi mkali. Watoto wangu hawakosi mtu, kuna mama mmoja wa muda anakuja kuwashika siku hiyo. Na Julai tunapandishwa meli, siku kumi baharini, mafunzo humo humo! Yote inalipa serikali.

Ofisini wapo walionuna. Mmoja aliniambia, "Pesa hizo zingepunguza watoto darasani, badala ya kuwatembeza ninyi baharini." Mwisho wa mwaka kila mmoja wetu atasoma ripoti mbele ya wenzake, nami nimechagua swali hilo hilo: nani abebe gharama ya kumlea mwalimu mpya? Wewe umefundisha miaka kumi na moja. Unaonaje?

Mdogo wako,
Kanae


Akita, 14 Mei 1989

Mdogo wangu Kanae,

Barua yako imefika na sisi ni wazima. Magoti ya Mama yanauma asubuhi, yanapona jirani akija na umbea. Theluji iliisha zamani, ahsante kwa kutukumbusha kwamba tunaishi porini. Mcheri wa huku ulichanua mwanzo wa mwezi, na upepo umeshapeleka maua yote kwenye shamba la watu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nitakujibu kwa kuwa umeuliza, ila usije ukasema sikukuonya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Shuleni kwetu ameletwa kijana, Mwalimu Onodera. Naye ana mlezi, naye ana Alhamisi yake. Na huyo "mama mmoja wa muda" anayeshika darasa lake siku hiyo, Kanae, ni mimi. Miaka kumi na moja ya chaki, na kazi yangu sasa ni kukalia kiti cha mtoto wa watu ili yeye aende kufundishwa kazi ninayoifanya mimi. Mafunzo hayo ni ya walioajiriwa. Sisi wa muda hatumo. Sikupewa mlezi, wala mtu wa kidaftari, wala meli. Hata kisanduku changu cha viatu pale mlangoni hakina jina. Kimeandikwa "wa muda", kwa sababu kubandua jina kila Machi, mikataba ikiisha, ni usumbufu.

Naona wivu. Nalisema mwenyewe kabla Mama hajakwambia kwenye simu. Nilipofika kwenye habari za meli niliiweka barua chini, nikaenda kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Mtihani wa ajira ya kudumu ni Julai. Unajua mkoa wetu hauchukui aliyepita miaka thelathini na mitano, kwa hiyo huu ndio wa mwisho kwangu. Maandishi huwa nafaulu. Mahojiano ndiyo hunishinda, kila mwaka, mahali pale pale.

Sasa nami nina swali. Huyo mama wa Alhamisi, jina lake nani?

Fusako


Chiba, 4 Juni 1989

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo. Huku mvua zimeanza kunukia, nguo hazikauki, viatu vyangu vimeota ukungu. Nimemnunulia Mama dawa ya kubandika magotini, imo kwenye kifurushi hiki.

Barua yako ilinitia aibu, halafu nikakasirika, halafu aibu ikarudi. Sheria sikuitunga mimi, Dada. Jina la yule mama bado sijauliza. Alhamisi mimi sipo, na siku nyingine yeye hayupo.

Nina jambo nataka nikueleze wewe tu. Nina mtoto anaitwa Miwa, hali pilipili hoho. Wiki iliyopita chakula cha mchana kilikuja nazo tele. Nikamwambia kama tulivyoambiwa sisi utotoni, hainuki mtu mpaka sahani iwe nyeupe. Saa ya usafi ikafika. Wenzake wakasukuma meza nyuma, wakaanza kufagia, naye amekaa katikati ya vumbi na sahani yake, machozi yanamtiririka. Mimi nimefunga mikono. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Mwalimu Togashi akatoka kule nyuma. Akachuchumaa karibu na Miwa, akachukua kipande kimoja kwa vijiti, akakila. "Hata mimi zilinishinda nikiwa na umri wako," akamwambia. "Leo lamba tu. Kesho tutaongea." Akaibeba sahani akaondoka nayo. Baadaye akaniita kwenye ujia. "Mwalimu Hatakeyama, ulikuwa unamfundisha kula, au ulikuwa unamwonyesha nani mkubwa?"

Nililia chooni, Dada. Nikajiuliza, asingekuwepo nyuma ya darasa, ningeendelea mpaka lini? Wewe nani alikushika mkono kwenye mambo kama haya?

Nimekunakilia maandiko ya kituoni, kurasa arobaini. Mengi yanaweza kukusaidia kwenye mahojiano. Yasome.

Kanae


Akita, 11 Juni 1989

Kanae,

Mama anashukuru kwa dawa. Karatasi zako nazirudisha. Sikuomba sadaka. Mafunzo yaliyolipiwa kwa ajili yako yatumie wewe.

Swali lako la mwisho sina la kulijibu.

F.


Melini, 23 Julai 1989
(kadi ya posta yenye picha ya meli nyeupe)

Dada! Leo siku ya tatu. Asubuhi mazoezi ya viungo juu ya meli, mchana mihadhara, jioni tunaimba. Nusu yetu tumetapika, hata mkufunzi. Jana tulijadili hadi tukagombana: mmoja anasema gharama zetu ni za serikali, mwingine anasema mwalimu ajilipie kama daktari anavyojilipia masomo. Nilitamani ungekuwepo uwanyamazishe. Msalimie Mama. Kanae


Chiba, 24 Septemba 1989

Dada Fusako,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimempigia Mama simu, akaniambia umo shambani. Nikamwambia saa tatu usiku, Mama? Akasema basi yuko bafuni.

Mama ndiye aliyenikumbusha kwamba ile tarehe niliyokuandikia kadi kutoka melini ndiyo siku uliyokuwa kwenye mtihani. Mtihani wako wa mwisho, na mimi nakutumia picha ya meli. Sina cha kujitetea. Nisamehe, Dada.

Nimefanya ulichoniambia. Alhamisi moja kituo kilifungwa mapema, nikakimbia shuleni nikamkuta yule mama anafuta ubao. Nikamuuliza jina lake kama mjinga, mwezi wa sita tangu aanze kunishikia darasa. Anaitwa Iwase Shizu. Ana miaka arobaini na minne, amefundisha shule tisa, zote kwa muda. Nikamwomba radhi, akacheka.

"Usijali, Mwalimu," akasema. "Watoto wako wazuri. Kila Alhamisi wananiuliza wewe utarudi lini. Shule zote tisa, hakuna mtoto aliyewahi kuuliza mimi nitarudi lini, kwa sababu hakuna anayeaga mtu wa muda. Machi ikifika tunabeba viatu vyetu tunaondoka."

Nikamuuliza swali la ripoti yangu. Nani alipe? Akaguna. "Mimi nalipwa kwa saa, sina shida na hilo. Ila muulize mtu aliyeanza kazi peke yake. Muulize nani alilipia makosa yake."

Dada, nakuuliza. Wala si kwa ajili ya ripoti. Na mahojiano yalikuwaje?

Kanae


Akita, 12 Novemba 1989

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Figili zimevunwa, zinaning'inia juu ya moshi kwenye kibanda, Mama anazilinda kana kwamba zina mahari. Utapata zako Desemba. Onodera amepata mafua, kwa hiyo wiki nzima nimekuwa mama wa Jumatatu na Jumanne pia.

Nilikuwa nimeapa sitakujibu. Lakini huyo Shizu amenikaa rohoni. Mwambie nimemsalimu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa tawi la shule kule bondeni. Ulikuwa wewe mdogo, utakumbuka tu kwamba nilikuwa nikirudi nyumbani Jumamosi. Watoto kumi na sita, madarasa mawili chumba kimoja, mimi peke yangu. Mwalimu mkuu alikuja mara mbili kwa mwaka na zote mbili alikuwa na haraka ya basi. Kulikuwa na mtoto wa darasa la pili, Kunio. Siku hizo chakula cha shule kilikuja na nyama ya nyangumi, na yeye ilikuwa haimshuki kooni. Ulivyomfanyia Miwa siku moja, mimi nilimfanyia Kunio siku kumi na tisa.

Najua ni kumi na tisa kwa sababu niliziandika kwenye kitabu cha darasa. Nilijisifu, Kanae. Niliandika "Leo ameacha vipande vitatu. Leo viwili." Wenzake walifagia wakimzunguka, wengine walimmwagia vumbi makusudi, na mimi niliona nikajifanya sikuona, nikidhani yatamfanya ale upesi. Siku ya ishirini hakuja. Niliambiwa anaumwa tumbo. Baada ya theluji kuanguka wazazi walimpeleka kwa bibi yake mji mwingine. Hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza. Mama yake alikuja kuchukua vitu vyake, akaniinamia, akasema, "Ahsante kwa kumlea."

Kila mwaka kwenye mahojiano kuna swali moja wanalolipenda: "Eleza ulichojifunza katika mwaka wako wa kwanza wa kufundisha." Kila mwaka nikifika hapo ulimi unakauka. Wengine wanaeleza matembezi na nyimbo. Mimi namwona Kunio na ufagio unapita chini ya kiti chake.

Ulipoandika habari za Togashi kuibeba ile sahani, niliona wivu ambao sijawahi kuuona maishani. Meli ilikuwa wivu wa kawaida, wa mtu kutamani soksi za jirani. Huu ulinipanda hadi kichwani nikashindwa kulala. Kwa nini yeye alisimama nyuma yako? Kwa nini wewe ulipewa mtu wa kukuuliza swali lile siku ya kwanza, na mimi nikapewa miaka kumi na moja ya kujiuliza mwenyewe? Karatasi zako nilizirudisha kwa sababu hiyo. Na uongo sitasema, kabla sijazifunga nilizisoma zote arobaini. Hamna ukurasa unaosema usimweke mtoto mbele ya sahani. Hilo halifundishwi kwa karatasi. Lazima mtu awepo.

Mwaka huu niliwaambia. Walipouliza swali lao, niliwaeleza habari ya Kunio tangu mwanzo hadi mama yake. Watahini watatu waliacha kuandika. Mmoja akaniuliza maji. Yaani, akaniuliza kama nataka maji.

Bahasha ilikuja Oktoba. Ilikuwa nyembamba, kama za miaka yote.

Basi ripoti yako hiyo hapo. Mnabishana serikali ilipe au mkoa ulipe au mwalimu ajilipie. Mwalimu mpya hulipiwa kila mara, Kanae, hata asipopewa mlezi. Wa kwangu alilipa Kunio, na alikuwa na miaka minane. Ukitaka kuisoma mbele ya watu, isome. Jina la mtoto libadilishe. La kwangu liache lilivyo.

Fusako


Chiba, 18 Februari 1990

Dada yangu,

Figili zilifika na mara hii sikumgawia mtu, isipokuwa Mwalimu Iwase. Nimesikia theluji imefika dirishani. Usimwache Mama apande paa kuiondoa, namjua.

Barua yako ya Novemba nilishindwa kuijibu. Niliandika majibu manne nikayachana yote, kila moja lilinuka huruma, nami nakujua usivyoipenda.

Ripoti nimeisoma Alhamisi, walimu wapya mia na ishirini ukumbini, walezi wetu nyuma. Mtoto nimempa jina lingine. Nilipofika siku ya kumi na tisa, dada mmoja mstari wa mbele aliinuka akatoka. Nilipomaliza, wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mwalimu Togashi.

Nikasema serikali ilipe, na ilipie wote wanaosimama mbele ya watoto, wa kudumu na wa muda, kwa sababu mtoto hajui mkataba wa mwalimu wake umeandikwaje. Ofisa wa kituo akanijibu kwa upole kabisa: "Hoja yako inagusa, Mwalimu Hatakeyama. Lakini walimu wa muda hawamo kwenye sheria." Akaandika kitu, akaita ripoti inayofuata. Nilitaka nimgeukie Mwalimu Iwase ajibu mwenyewe. Kumbe hayupo. Alikuwa darasani kwangu, ananishikia.

Nataka kukuuliza mwaka ujao wa shule utafanya nini, na naogopa kukuuliza.

Kanae


Akita, 22 Aprili 1990

Mdogo wangu Kanae,

Mama hakupanda paa. Alipanda ngazi, akaishia ngazi ya tatu, akateremshwa na jirani, na habari hiyo itamtosha hadi msimu ujao. Theluji ya mwisho imeyeyuka wiki hii, maua bado. Safari hii sitakuandikia kuhusu maua mpaka niyaone.

Mwaka ujao ndio huu, na nimo shule ile ile, kisanduku kile kile cha viatu. Onodera sasa ni mwalimu kamili, ananiamkia vizuri. Mwaka huu hakuletwa aliyeajiriwa. Ameletwa wa muda, binti wa miaka ishirini na mbili anaitwa Kudo Satsuki, na amepewa darasa la pili, watoto thelathini na wanne. Mlezi hana. Kwa sheria hana haki naye, kama ofisa wako alivyosema kwa upole.

Jumanne na Ijumaa nina saa ambazo sina darasa. Nimenunua kidaftari. Nasimama nyuma, karibu na kabati la mifagio, naandika. Wiki ya kwanza alikuwa akinitazama kama mtu aliyetumwa kumfukuza. Mwalimu mkuu naye akaniita. "Mwalimu Hatakeyama, saa hizo sina fungu la kukulipa." Nikamwambia sikumwomba fungu. "Basi nani anakulipa?" akaniuliza. Nikamwambia nimekwisha lipiwa, mwaka wa sabini na nane, na aliyelipa sijapata kumrudishia.

Usidhani nimekuwa mtakatifu. Nikiwa pale nyuma namwonea wivu yule binti mpaka meno yananiuma. Hajui. Analalamika kwamba namkosoa sana, amemwambia Onodera kwamba yule mama ana kijicho, na kusema kweli hakukosea.

Ijumaa chakula kilikuja na karoti za kuchemsha. Kuna mtoto, Ryota, alizisukuma pembeni. Nikamsikia Satsuki akisema yale maneno, Kanae, neno kwa neno, hainuki mtu mpaka sahani iwe nyeupe. Kengele ya usafi ikalia. Meza zikaanza kusukumwa nyuma. Nilikuwa nimeshika mlango wa kabati, na kwa muda fulani, wala si mfupi, nilitaka kuona Satsuki akiachiwa atafika wapi. Nilitaka naye awe na siku zake kumi na tisa. Nakuandikia hili kwa sababu wewe uliniandikia la Miwa.

Halafu nikatoka kule nyuma. Nilichuchumaa, nikala karoti moja, baridi, mbaya kweli. Nikamwambia Ryota leo alambe tu, kesho tutaongea. Satsuki alisimama amefunga mikono, uso umemwiva kwa hasira.

Sahani niliibeba mwenyewe mpaka jikoni.

Dada yako,
Fusako